Dunga Beach wakati wa korona: nimempeleka mamangu mara mbili, nawaambia venye ilikuwa

Wakati wa korona watu wengi walikuwa wananitumia meseji wakiuliza kama wanaweza kupeleka mzazi ama watoto Dunga, ule ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, na kila mtu nilikuwa namjibu peke yake mpaka nikachoka, wacha niandike yote hapa mara moja. Nimeenda mara mbili. Ya kwanza ilikuwa Jumamosi tarehe 10 Oktoba 2020, ya pili ilikuwa mwezi wa Agosti 2021, na mara zote mbili nilikuwa na mamangu ambaye mwaka 2020 alikuwa na miaka 67 na ako na presha, yaani si mtu wa kuchezea na huu ugonjwa. Kwa ufupi, mpeleke. Lakini kuna venye utampeleka, na kuna mahali pale pale ufuoni ambapo mimi singemkalisha mzee hata dakika kumi.

Kwanza mjue tulitoka wapi. Sisi tunakaa mtaa wa Migosi, hapa hapa Kisumu. Kutoka kwetu mpaka ziwani si mbali, lakini tangu siku ile ya 13 Machi 2020 Wizara ya Afya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza Kenya, mama hakuvuka geti. Tulidhani ni wiki mbili. Shule zikafungwa, kafyu ikaja tarehe 27 ya mwezi huo huo, saa moja jioni kila mtu awe ndani, na mimi nikiwa mwalimu wa shule ya praivet mshahara wangu ukakatika Aprili ukapotea kabisa. Julai makanisa yakafunguliwa na mama akafurahi, akapiga pasi ile sare yake ya akina mama wa kanisa usiku wa Jumamosi akaitundika kwa mlango, halafu ndio tunasikia vizuri kwa redio kwamba ni watu mia moja, ibada ni saa moja tu, na yeyote amepitisha miaka 58 abaki nyumbani. Hakusema kitu. Ile sare ilikaa kwa mlango wiki nyingi, hakuna mtu alithubutu kuitoa.

Sasa mwanzo wa Oktoba ikatangazwa kwamba Grade 4, Darasa la Nane na Form Four wanarudi shule tarehe 12, Jumatatu, na KCPE, ule mtihani wa Darasa la Nane, imesongeshwa hadi Machi 2021. Kijana wangu mkubwa alikuwa wa Darasa la Nane. Nikakaa chini nikapiga hesabu kama mama yeyote angepiga: mpaka Jumapili usiku sisi watu sita wa hii nyumba tunajua hewa yetu, lakini kuanzia Jumatatu huyu mtoto atakuwa anarudi jioni na hewa ya darasa zima. Nikamwambia mama kwamba kuanzia hiyo wiki itabidi kijana ale peke yake na asimkaribie. Akanyamaza halafu akasema, "Basi kabla hajarudi shule nataka nione ziwa." Mamangu amezaliwa Seme, kando ya ziwa, babake alikuwa mvuvi, amelala na sauti ya maji utoto wake wote. Miezi saba alikuwa ameishi mji wenye ziwa bila kuliona.

Nilifikiria Impala Park, ile hifadhi ya wanyama, juu KWS (shirika la wanyamapori) walikuwa wamepunguza kiingilio tangu Julai na watoto wanapenda kuona simba, lakini mama hakuomba simba, aliomba maji. Na nilitaka mahali wazi, pasipo ukuta wala paa, ambapo upepo unapita na pumzi ya mtu haikai palepale ikisubiri pua ya mwingine. Dunga iko hivyo. Ni ufuo wa wavuvi kabisa, si bichi ya mchanga mweupe mnayoona kwa kalenda, ni nyasi na matope na boti za mbao zilizopakwa rangi, na pembeni kuna kinamasi kikubwa cha mafunjo kinachofuata ukingo wa ghuba ya Winam mbali mpaka macho yanachoka.

Tulienda asubuhi sana. Hii ndio ushauri wangu wa kwanza na sitaki mtu aupuuze. Saa kumi na mbili tulikuwa kwa tuktuk mbili za jirani tunayemjua, tulilipa zitubebe sisi peke yetu, na saa moja kasoro tuko ufuoni. Ukifika saa tano utakuta vijana na muziki na magari, ukifika saa moja utakuta wavuvi na ndege.

Kitu cha kwanza kilichonishtua ni maji. Mnakumbuka mwaka huo wa 2020 ziwa lilipanda, mvua ilianza Oktoba 2019 ikakataa kuisha mpaka Mei 2020 Ziwa Victoria likavunja rekodi ya 1964. Kusikia kwa habari ni kitu kimoja, lakini kukuta mti niliokuwa nakaa chini yake nikiwa chuo umesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, na yangeyange mmoja ametulia pale kwa tawi kama ni kwake, hiyo ilinigusa. Mama aliangalia akasema tu kwamba ziwa linajua mipaka yake ya zamani, watu ndio wanasahau.

Pale boti zinashukisha samaki kulikuwa na kazi. Akina mama na mabeseni yao, mizani inaning'inia, omena, yaani dagaa, zimeanikwa kwa nyavu chini. Nitasema ukweli: hapo hakukuwa na nafasi ya mita moja na hakukuwa na maski juu ya pua, zote zilikuwa kwa kidevu. Siwalaumu, ukichelewa kufikia boti unakosa samaki na ukikosa samaki watoto wako hawali. Lakini kama umekuja na mzee, zunguka. Kuanzia saa moja mpaka saa tatu asubuhi pale kwa mizani usipite naye.

Sasa boti. Hapa ndio nataka nikae kidogo juu hawa vijana wanaotembeza watu wanastahili kusifiwa vizuri. Aliyetuchukua ni kijana wa makamo ya miaka thelathini hivi, maski imefunika pua na mdomo, akasimama mbali kidogo akatusalimia bila mkono. Akatuambia boti yake siku za kawaida inabeba kumi lakini sasa anabeba watu wa nyumba moja tu, hachanganyi familia, hata kama ni wawili. Bei ilikuwa elfu mbili kwa saa nzima, boti yote. Halafu nikaona kitu ambacho hoteli kubwa za mjini hazifanyi. Laifjaketi zake zilikuwa zimetundikwa kwa kamba mbili. Kamba moja ni za jana, hazishikwi, zinakaa juani siku nzima. Kamba ya pili ni za leo. Na hata hizo za leo akachukua kitambaa na ndoo ya maji ya sabuni akapangusa moja moja mbele yetu, hasa ile sehemu ya shingo na vile vifungo vya mbele, akasema hapo ndio kila mtu anapumulia na kushika. Hakuna mtu alikuwa amemuuliza.

Mama akakataa kuvaa. Akasema amezaliwa kwa maji, hajawahi kufungwa kama mzigo. Mimi nilianza kubishana na yeye, kijana akaniambia kwa ishara ninyamaze, akainama kidogo akamwambia, "Mama, najua maji unayajua kunishinda. Lakini usipovaa ni mimi nitaogopa, na mwenye kushika usukani akiogopa si vizuri." Mama akacheka, akanyoosha mikono avalishwe na mjukuu wake. Nilikuwa sijasikia hicho kicheko tangu Machi.

Tukaenda polepole tukifuata ukuta wa mafunjo. Kama hujawahi kuyaona kwa karibu, ni marefu kushinda mtu, shina ni la kijani laini lenye pembe tatu, na juu kuna kichwa kama nywele za mtoto aliyeamka. Kijana akafika mahali mafunjo yanafanya kama kona, akazima injini. Hapo ndio nilielewa tulikuwa tumekuja kufanya nini. Ukimya ule si ukimya, kuna sauti nyingi lakini hakuna hata moja ya mtu. Maji yanapiga mbao chini ya miguu yako, tap, tap. Mafunjo yanasuguana. Halafu kutoka ndani kabisa ndege mmoja akalia na mwingine akamjibu hapo hapo mpaka ukadhani ni mmoja, na kijana akanong'ona kwamba hao ni dume na jike, ni gonoleki wa mafunjo. Tulingoja. Akatokea kwa sekunde chache tu akashika shina moja likainama: mgongo mweusi, kifua chekundu kama pilipili iliyoiva, na kichwani manjano. Binti yangu mdogo alisahau kupumua.

Mama akatoa maski. Nikataka kumzuia halafu nikaangalia, sisi ni watu wa nyumba moja, kijana ako nyuma kabisa kwa injini na yeye amevaa yake, upepo unatoka mbele yetu kwenda kwake na si kinyume. Nikamwacha. Akavuta pumzi ndefu, ile harufu ya matope na majani mabichi na samaki kwa mbali, akafunga macho akasema, "Hii harufu ndio nilikuwa nakosa, si kanisa peke yake." Alikaa hivyo muda, mikono iko kwa mapaja, vidole vinachezesha ile kamba ya laifjaketi.

Kijana anajua kazi yake. Aliwaeleza watoto kwamba hayo mafunjo ni kama chujio, uchafu unaoshuka kutoka mjini na mbolea za mashambani zinakwama kwa mizizi kabla hazijafika maji makubwa. Na ni nyumba ya samaki wadogo. Mbuta, yaani sangara, aliletwa hili ziwa miaka ya 1950, hakuwa wa hapa, akamaliza aina nyingi sana za fulu, wale samaki wadogo wa hapa, lakini ndani ya mafunjo maji yana hewa kidogo na mbuta hayawezi, fulu wengine wanayaweza na kamongo ndio kabisa juu yeye anapanda juu kuvuta hewa kama sisi. Kwa hivyo kinachobaki kinabaki huku. Mwanangu wa Darasa la Nane alikuwa amesoma hayo ya mbuta kwa kitabu bila kuelewa, pale kwa boti akaelewa kwa dakika tano. Kuna ndege pia ambao hawawezi kuishi nje ya mafunjo, huyo gonoleki ni mmoja wao, ukikata mafunjo yakaisha hana pahali pengine pa kwenda. Alituambia pia kuna nzohe, yule swala wa majini, lakini yeye mwenyewe humwona mara chache na siku hiyo hatukumwona, na nilimpenda kwa kutotudanganya.

Akasema kitu kingine ambacho bado nakifikiria. Tangu watu wapoteze kazi mjini mafunjo yanakatwa zaidi, watu wanarudi kwa mikeka na vikapu ama wanachoma wapande mboga. Alisema bila hasira. Yeye mwenyewe kazi yake ilikuwa ni kuonyesha wageni ndege, watu wanaotoka Uingereza na Uholanzi na darubini zao, wanakaa kwa boti masaa manne kwa ajili ya ndege mmoja tu. Ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa tarehe 25 Machi, wageni wakaisha siku moja. Zikarudi Agosti mosi lakini kwake hakuna aliyekuwa amerudi mpaka siku ile. Akajaribu omena, lakini omena huvuliwa usiku kwa taa na kafyu ilikuwa saa moja jioni. Nikamuuliza aliishije, akasema, "Tumeishi tu mwalimu, kama nyinyi."

Ndio maana nawaomba, msibishane bei na hawa watu. Mimi nilikuwa nimekaa miezi sita bila mshahara, hizo elfu mbili tulizikusanya mimi na mume wangu kwa kuuza maandazi na kwa vibarua vyake, na nilizitoa bila kupunguza shilingi. Amekuoshea laifjaketi, amekataa kuchanganya familia ingawa kuchanganya kungemletea pesa mara mbili, sasa wewe unamwambia mia tano kwa sababu ni korona na hakuna wateja? Hapana.

Viboko tuliwaona wanne, masikio na macho tu juu ya maji. Kijana wangu mdogo akaomba tusonge karibu apige picha, akakataliwa vizuri lakini akakataliwa kabisa, na injini haikuzimwa hapo. Ukipata mtu wa boti anayekupeleka karibu na kiboko ili akufurahishe, mwambie akurudishe.

Sasa mabaya.

Tulirudi na njaa, tukaingia hoteli moja ya hapo ufuoni, sitaitaja. Mlangoni kuna askari na kabunduki ka kupima joto, anakuelekezea kwa paji la uso, anasema "sawa, ingia". Mume wangu ni fundi wa simu, macho yake huenda kwa vitu kama hivyo, akaniambia hako kamashini hakana betri, kioo ni kitupu. Tukaangalia akipima watu wengine wanne, kitupu. Halafu kuna kitabu cha kuandika jina na namba ya simu na kalamu moja imefungwa kwa kamba, kila anayeingia anaishika, na karibu yake kuna ndoo ya kunawa mikono yenye mfereji mzuri kabisa, imeandikwa NAWA HAPA, nikafungua ikatoa matone matatu. Ndani meza zilikuwa zimebandikwa alama za X lakini watu wamekalia hizo X. Weita maski iko kwa shingo na anaongea juu ya sahani.

Nilikasirika, na bado nikiandika nakasirika. Si kwa sababu hawakuwa na vitu, vitu vilikuwa vyote vipo. Ndoo ipo, kabunduki kapo, kitabu kipo. Nilimtafuta mwenye hoteli nikamwambia pole pole kwamba nina mzee hapa, tafadhali jazeni ndoo. Akaniambia korona iko Nairobi, hapa kuna upepo. Nikachukua mama mkono tukatoka. Yule mtu wa boti ambaye hana mshahara wala mlango wa kuwekea askari alijua upepo upo na bado alipangusa, na huyu mwenye hoteli upepo huo huo ndio umekuwa sababu ya kukaa bure.

Tulichofanya ndio nashauri mfanye. Kuna akina mama wanaokaanga nje kabisa, banda ni nguzo nne na mabati, hakuna ukuta. Tulichagua ngege (tilapia) wetu wenyewe kutoka kwa beseni, watatu wakubwa, mia nne kila mmoja, akawapaa na kuwakata ile mikato ya mshazari ubavuni, akapaka chumvi, akakaanga mpaka mikia ikawa kama biskuti, halafu mmoja akampikia mama kwa nyanya na kitunguu na dania kidogo. Ugali ya mtama iko, osuga (mboga ya mnavu) iko. Yeye alinawa kila aliposhika pesa, nilimwona, aliweka mkebe wa pesa mbali na akaniomba kama naweza nilipe kwa M-Pesa. Tukatandika leso yetu chini ya mti mbali na watu tukala na mikono.

Mama alianza na kichwa. Mamangu hula kichwa cha samaki kwa utaratibu ambao hakuna mtu anaruhusiwa kumharakisha, kwanza anatoa ile nyama ya shavu anampa mjukuu mdogo, halafu anavunja taya, anafyonza jicho, anapanga mifupa kwa mstari ukingoni mwa sahani. Nyumbani tangu Machi alikuwa anakula nusu sahani na kusema ameshiba. Siku hiyo aliongeza ugali mara mbili.

Choo kilikuwa shilingi ishirini, kisafi kiasi, maji yalikuwepo sabuni hakuna. Beba yako.

Jumla tulitumia kama elfu nne na mia tano na tuktuk ikiwemo, watu sita. Saa sita mchana tulikuwa nyumbani.

Mara ya pili nitaeleza haraka, ingawa haikuwa rahisi. Mjue katikati hapo Kisumu iliona nini. Mei 2021 ile aina ya virusi ya Delta iligunduliwa hapa kwetu, Juni mosi tukawa na sherehe za Madaraka hapa hapa, halafu katikati ya Juni kaunti 13 za huku magharibi na Nyanza zikawekewa kafyu ya saa moja jioni na watu wakaambiwa wasitoke wala wasiingie bila sababu kubwa. Mazishi yawe ndani ya saa 72, watu wasizidi 50. Dada ya mama, wa mwisho aliyekuwa amebaki kwao, alizikwa Seme kwa utaratibu huo mwishoni mwa Juni. Mama hakwenda. Tulimwekea video kwa simu ya mume wangu na netwaki ikakatika wakati wa kuteremsha.

Kafyu ilipolegezwa mwisho wa Julai na mama akawa ameshapata chanjo zote mbili, nilimuuliza anataka nini. Akasema Dunga. Tulienda Jumanne badala ya wikendi, na nawashauri hivyo pia, tulikuwa watano juu mkubwa alikuwa ameingia Form One wiki hiyo. Mara ya kwanza pale boti zinashukisha kulikuwa na ndoo ya maji, mara hii haikuwepo tena. Maski nilihesabu mbili ufuo mzima ukitoa zetu. Watu wa boti wengine laifjaketi zimerundikwa tu chini, zimelowa, hakuna anayepangusa. Nilimtafuta yule yule wetu, nikampata, na kamba zake mbili bado zipo, za jana na za leo. Bei ilikuwa imefika elfu mbili mia tano, alisema ni petroli, nikalipa. Kwa hivyo ukienda usiingie boti ya kwanza unayoitiwa. Tembea, angalia laifjaketi ziko wapi, ndio uamue.

Upepo ulikuwa umeleta gugumaji usiku, kijani kitupu, njia yetu ya mara ya kwanza imefungwa kabisa. Boti ikiingia humo magugu yanazunguka panga la injini mnakwama, kwa hivyo tulifanya dakika arobaini badala ya saa na akaturudishia mia tano bila kuombwa. Hata hivyo alitafuta upenyo akatufikisha kwa mafunjo, upande mwingine, na kabla hajauliza mama akamwambia, "Mwanangu, zima."

Akazima. Mama akageuka akaangalia upande wa Seme, ng'ambo ile, ambako siku ikiwa safi unaona vilima kwa mbali. Akaanza wimbo ambao siujui, kwa sauti ndogo, nadhani ni wa utoto wao yeye na dadake, akauimba mpaka mwisho. Kijana alivua kofia. Watoto hawakuongea. Furukombe alilia mara moja kwa mbali halafu mama akaosha uso na maji ya ziwa, akasema twende tukale.

Kwa hivyo wanaoniuliza, nendeni, asubuhi, siku ya kazi, na sabuni yenu, mkae nje, mlipe bei yote. Na mkifika kwa mafunjo mwombeni mwenye boti azime injini hata dakika tano, hata kama mna haraka.